Shilingi 25 za Barabara Ziwani



Kila lita ya petroli inayouzwa nchini Kenya imebeba shilingi 25 za kutunza barabara. Zilikuwa 18 hadi Julai 2024, zilipopandishwa. Mwenye matatu ya kutoka Rongo hadi Homa Bay anazilipa, na ana kila haki ya kuuliza mashimo yale yatazibwa lini, lakini angalau yeye barabarani anapita. Sasa mfikirieni mvuvi wa Sena, kisiwani Mfangano. Petroli yake imevuka maji ndani ya mtungi wa plastiki. Ameimimina kwenye injini ya boti, akaenda kutafuta mbuta, akarudi alfajiri. Boti haijagusa lami hata kidogo. Akichoma lita 20, ameacha shilingi 500 katika mfuko wa barabara. Akitoka mara 20 kwa mwezi, ameacha shilingi 10,000. Hakuna aliyemwambia, na yeye hakuuliza, kwa sababu kodi hiyo haiji mlangoni na daftari. Imejificha ndani ya bei.

Mada niliyopewa ni vipaumbele vya mbunge kuhusu bajeti na kodi za serikali ya kitaifa. Kwa kawaida mada hii huanzia Nairobi, kwenye mkoba wa Waziri wa Fedha. Mimi naomba ianzie kwenye injini ile, kwa sababu ndiko inakoonekana kazi ambayo mbunge wa Homa Bay au wa Migori anaweza kuifanya na mwenzake wa Kiambu hawezi kumfanyia.

Kuna wakati watu wa huku walikuwa wakiiona kodi kwa macho. Wakoloni walipotutawala chini ya wilaya ya Kavirondo Kusini, kodi ya nyumba na ya kichwa ilihesabiwa mlango kwa mlango. Ilipofikishwa shilingi 16 baada ya vita vya kwanza vya dunia, watu hawakuhitaji mtaalamu wa kuwaeleza kwamba wamebanwa. Desemba 1921, walimu na vijana waliosoma shule za misheni walikusanyika Lundha, kule Gem, katika mkutano ambao wazee bado wanaukumbuka kwa jina la Piny Owacho. Malalamiko yao yalikuwa mengi: kipande, kazi za kulazimishwa, hali ya koloni. Kodi ilikuwa miongoni mwa yale makubwa, na baadaye ikateremshwa hadi shilingi 12. Waliojua wanacholipa walijua pia cha kudai.

Leo tunalipa zaidi na tunaona kidogo. Ndiyo maana siasa zetu za bajeti zimekuwa za kuhesabu kinacholetwa: darasa, zahanati, basari, kilomita za lami. Kinachochukuliwa hatukihesabu. Mwaka wa 2018 Bunge lilipitisha tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuwazuia wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Sababu ilikuwa ya kweli. Injini za watu zilikuwa zinaharibika. Lakini katika hesabu ile mvuvi wa omena, anayewasha karabai usiku usio na mwezi ili samaki wakusanyike, aliwekwa kapu moja na mlaghai wa dizeli. Wengi wameshahamia taa za betri na za jua, na ni afadhali. Walihama kwa gharama yao.

Mtu atasema: tatizo letu lilikuwa kutokuwa na watu jikoni. Tazameni basi orodha. Gladys Wanga, kabla ya kuwa gavana wa Homa Bay mwaka 2022, aliongoza Kamati ya Fedha na Mipango ya Bunge la Taifa, kamati ambayo kila Mswada wa Fedha hupitia mikononi mwake. John Mbadi, mhasibu kwa taaluma, alikuwa mbunge wa Gwassi, kisha wa Suba Kusini, akawa kiongozi wa wachache bungeni, akaongoza Kamati ya Hesabu za Umma, na tangu Agosti 2024 ndiye Waziri wa Fedha. Migori ina Junet Mohamed wa Suna Mashariki, kiongozi wa wachache. Kwa upande wa Seneti, Moses Kajwang' wa Homa Bay amekaa miaka mingi kwenye kamati inayokagua hesabu za kaunti. Sidhani kuna sehemu nyingine ya nchi yenye idadi kama yetu ya watu iliyokaribia fedha za umma kiasi hiki katika miaka hii.

Kwa hiyo neno langu la leo ni hili: kuwa na mtu wetu mezani hakujatosha kulifikisha jambo letu mezani. Historia ya hapa hapa imeshatuonyesha, na kwa namna inayouma.

Tom Mboya amezikwa Rusinga, mwendo mfupi kutoka Mbita. Mwaka 1965, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, alisimamia Waraka wa Bunge Nambari 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika. Waraka ule ulisema fedha za maendeleo zielekezwe kwanza pale zitakapozaa haraka: penye ardhi nzuri na mvua, penye reli, barabara na umeme, penye watu walio tayari kwa maendeleo. Hoja ilikuwa kwamba utajiri utakaopatikana huko utasambazwa baadaye kwingineko. Kwa mwanauchumi wa wakati ule hoja hiyo ilikuwa na mantiki yake, na nchi ilikuwa changa yenye fedha haba. Lakini reli na barabara zilikuwa zimewekwa na mkoloni kwa ajili ya walowezi. Kuzifuata kulikuwa kumfuata yeye. Rusinga haikuwa na reli. Awendo haikuwa nayo. Lambwe, bonde la mbung'o, haikuwa nayo. Mwana wa Rusinga alikuwa kwenye meza kuu ya uchumi wa Kenya, na sera iliyotoka mezani pale iliiweka Rusinga nyuma ya foleni kwa miongo mingi.

Julai mwaka huo huo, mtu mwingine mwenye asili ya huku alimjibu hadharani. Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, ambaye ukoo wake ni wa Kanyadhiang, Karachuonyo, aliandika katika jarida la East Africa Journal makala ya kuuchambua waraka ule. Aliuliza nani anamiliki biashara za nchi, ardhi itagawanywaje, na kwa nini serikali iogope kutoza kodi kubwa walio nacho. Alifika hadi kusema kwamba kinadharia hakuna kinachozuia kodi kuwa hata asilimia mia moja ya mapato, mradi watu wapate kutoka kwa serikali manufaa yanayolingana nayo. Hiyo asilimia mia moja siiungi mkono. Lakini sharti lake naliunga mkono kwa moyo wote, na naona ndilo kipimo bora cha kodi yoyote ambacho mbunge wetu anaweza kwenda nacho Nairobi: anayelipa anapata nini, na kinafika wapi?

Kipimo hicho kikiwekwa juu ya shilingi 25 za mafuta, mtaona mambo. Mfuko wa barabara hukusanya zaidi ya shilingi bilioni 100 kwa mwaka. Sheria ya Bodi ya Barabara inagawa fedha hizo kwa mashirika ya barabara kuu, za vijijini na za mijini, na inatenga asilimia 1 kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, kwa ajili ya barabara za ndani ya mbuga. Hilo la mbuga ni jambo jema. Ruma, hapa Homa Bay, ndiyo makao ya mwisho ya swala aitwaye korongo nchini Kenya, na watalii hawawezi kumfikia bila njia. Lakini mvuvi wa Mfangano anachangia njia za Ruma kila anapowasha injini, na yeye mwenyewe hana fungu. Gati analoshukia, njia ya maji anayopita, taa ya kumwongoza gizani, hivyo havimo katika mgawo wa sheria ile. Wagonjwa wa Mfangano, Remba na Ringiti hufikishwa hospitalini Mbita kwa maji. Maji ndiyo barabara yao kuu.

Tena kuna jambo la karibuni zaidi ambalo halijaelezwa ipasavyo mikutanoni kwetu. Mwaka 2025 serikali iliamua kuchukua shilingi 7 kati ya zile 25 na kuziweka dhamana ili kupata bilioni 175 za kuwalipa wakandarasi waliokuwa wakidai. Wakandarasi walikuwa na haki ya kulipwa. Barabara nyingi zilikuwa zimekwama, na baadhi ziko huku. Maana yake, hata hivyo, ni kwamba shilingi 7 za kila lita atakayochoma mvuvi miaka ijayo zimeshatumika. Mbunge anayekuja kuniahidi barabara kwa fedha hizo itabidi anieleze anazungumzia zile zilizowekwa dhamana au zile zilizosalia.

Na reli? Bidhaa nyingi zinazoingia nchini hutozwa ada ya ustawi wa reli. Desemba 2024 ada hiyo ilipandishwa kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 2. Reli haijawahi kufika Homa Bay wala Migori.

Hiyo Desemba 2024 ina funzo. Mnakumbuka Juni ya mwaka huo. Mswada wa Fedha ulitaka kupata takriban bilioni 346 zaidi: kodi ya ongezeko la thamani kwenye mkate, ushuru kwenye mafuta ya kupikia, kodi ya kila mwaka kwenye magari. Tarehe 25 Juni wabunge waliupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106, vijana wakaingia Bungeni, na wengine waliuawa barabarani. Siku iliyofuata Rais William Ruto alikataa kuutia sahihi. Nchi nzima ilikuwa imejifunza kusoma mswada, kifungu kwa kifungu, kwenye simu. Nalihesabu hilo kama jambo kubwa kuliko yote yaliyotokea katika fedha za umma tangu Katiba ya 2010. Kisha miezi sita baadaye sheria nyingine za kodi zikapita, zikiwa na baadhi ya mapendekezo yale yale, na kelele zikawa chache. Umma hauwezi kukesha mwaka mzima. Mbunge analipwa mshahara ili akeshe.

Na mbunge mkweli angetueleza pia upande wa pili wa Juni ile. Mswada ulipoondolewa, fedha za kaunti zilikatwa. Mgao wa kaunti zote 47 uliokuwa umepangwa kuwa bilioni 400 uliishia bilioni 387, baada ya Bunge la Taifa na Seneti kuvutana hadi kamati ya upatanisho. Homa Bay na Migori, zenye watu zaidi ya milioni moja kila moja, hupata takriban bilioni 8 kila moja kwa mwaka, na hospitali zetu za kaunti zinaendeshwa kwa hizo. Kodi iliyokataliwa ina gharama, kama ilivyo kodi iliyopitishwa. Anayewaambia atapunguza kodi zote na kuongeza huduma zote hajafungua kitabu cha makadirio.

Akikifungua, ukurasa wa kwanza wa kumshtua ni wa deni. Katika bajeti ya 2025/26, ambayo Mbadi aliisoma Juni 12, 2025, na ambayo jumla yake ilikuwa takriban trilioni 4.3, riba peke yake inachukua zaidi ya trilioni moja. Mgao wa kaunti zote mwaka huo ni bilioni 415. Yaani riba tu, bila kulipa hata shilingi ya mkopo wenyewe, ni zaidi ya mara mbili ya fedha zinazoendesha kila zahanati, kila hospitali ya kaunti na kila shule ya chekechea kutoka Mandera hadi Muhuru. Kila mradi mpya wa mkopo unaoletwa Bungeni unaongeza ukurasa huo. Mbunge wetu akiulizwa aupigie kura mkopo, swali lake la kwanza liwe riba yake italipwa kwa kodi ipi, na nani wa kwao anailipa.

Migori nayo ina hesabu zake. Sheria ya Sukari ya 2024 ilirudisha ushuru wa asilimia 4 kwenye sukari, ya ndani na ya kutoka nje, kwa ahadi kwamba fedha zitaendeleza miwa, viwanda, utafiti na barabara za mashambani. Mnunuzi wa kilo moja pale Awendo anaulipa. Wakati huo huo kiwanda cha sukari cha Sony, ambacho ni mali ya umma, kilikodishwa kwa kampuni binafsi mwaka 2025 kwa miaka 30. Mkulima aliyekuwa akidai malipo ya miwa anataka kujua deni lake amwendee nani, na barabara ya kutolea miwa shambani itatengenezwa kwa ushuru upi. Haya ni maswali ya bajeti ya taifa kabisa. Yanajibiwa kwenye kamati, kwa nyaraka, na hayajibiwi matangani.

Dhahabu ya Nyatike vivyo hivyo. Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha ugawanywe asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayozunguka machimbo. Macalder imechimbwa tangu enzi za mkoloni. Ukitembea kwenye mashimo yale leo utawakuta vijana waliojaa vumbi, akina mama wakiponda mawe kwa nyundo, na zebaki ikishikwa kwa mikono mitupu. Dhahabu inayotoka hapo ikiuzwa pasipo rekodi, mrabaha hauandikwi, na asilimia 10 ya sifuri ni sifuri. Kabla ya kudai fungu la jamii, mbunge wa huko afanye bidii fedha za taifa zijenge vituo halali vya kununulia na kusafishia dhahabu karibu na machimbo.

Sasa niseme juu yetu wapiga kura, kwa sababu mbunge huwa anafuata tunachokipima. Tunampima kwa hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, NG-CDF. Kwa mujibu wa sheria yake, hazina hiyo ni asilimia 2.5 hivi ya fungu la serikali ya kitaifa. Imejenga madarasa na imesomesha watoto, sitaki kuidharau. Mahakama Kuu iliiona kuwa kinyume cha Katiba Septemba 2024, ikaipa muda hadi Juni 30, 2026, na wabunge wamepigana kuiokoa kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona wakiitumia kwenye makadirio. Kwa nini? Kwa sababu sisi hatumuulizi mbunge lolote kuhusu asilimia 97.5 iliyobaki. Ana basari mkononi, tunapiga makofi, anaenda.

Asilimia hiyo iliyobaki ina kalenda, na kalenda hiyo ni ya sheria. Taarifa ya sera ya bajeti hufika Bungeni kufikia Februari 15, na hapo ndipo mafungu ya sekta yanapokatwa. Makadirio hufika kufikia Aprili 30. Mei kamati husikiliza maoni ya umma. Kufikia Juni 30 kila kitu kimepita. Waziri akishasoma hotuba yake Juni, mengi yamekwisha. Na Rais akirudisha mswada na maoni yake, kuyapindua kunahitaji theluthi mbili, yaani wabunge 233. Mwaka 2018, wakati wa kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta, walitafutwa wasipatikane. Nguvu ya mbunge iko Februari na Machi, wakati kamera hazipo. Nawaomba tuanze kuwaalika wabunge wetu Mbita, Sori, Isebania na Oyugis katika miezi hiyo, wakiwa na nyaraka mkononi, na tusiwasubiri Krismasi.

Na tukiwaalika mwaka ujao, ninapendekeza jambo la kwanza kuwekwa mbele yao liwe lile la injini. Sheria ya Bodi ya Barabara irekebishwe ili sehemu ya tozo ya mafuta, isiyopungua ile asilimia 1 ya mbuga, itengewe magati na njia za maji za Ziwa Viktoria, Turkana na pwani ya Bahari ya Hindi. Kwa makusanyo ya sasa hiyo ni zaidi ya shilingi bilioni moja kila mwaka, bila kuongeza kodi kwa yeyote. Najua pingamizi: kila kundi likidai fungu lake, mfuko utaisha kwa vipande, na magavana na wabunge tayari wamegombania bilioni 10.5 za mfuko huo huo. Pingamizi hilo ni zito. Jibu langu ni kwamba fungu hili linaombwa na wanaolipa tayari, kwa njia wanayoitumia tayari, na kiasi chake kinaweza kupimwa kwa leseni za boti na mafuta yanayouzwa ufuoni. Kama Hazina inaona ni bora kuwarudishia wavuvi shilingi zao kwa leseni, nitaridhika na hilo pia.

Homa Bay ina maeneo bunge manane, Migori manane. Pamoja na wawakilishi wa kike wa kaunti mbili hizi ni kura 18 katika Bunge la Taifa. Kwa kuwa jambo linagusa mgawo wa fedha za umma, Kifungu cha 114 cha Katiba kinataka kamati ya Bunge itoe pendekezo lake baada ya kusikia maoni ya Waziri wa Fedha. Waziri huyo kwa sasa ni mtu wa Suba. Anajua petroli hufikaje Mfangano. Wabunge wa Busia, Siaya, Kisumu, Kilifi, Kwale, Lamu na Turkana wana wavuvi wenye shilingi 25 kama zetu, na ni hao wa kuzungumza nao kabla ya Februari 15.